Kalipa: Kibano Kinachosimamisha Gari

Gari la kilo 1,000 likikimbia kilomita 72 kwa saa lina nishati ya kutosha kuchemsha zaidi ya nusu lita ya maji. Dereva akikanyaga breki ghafla, karibu nishati yote hiyo hugeuka joto ndani ya sekunde chache, na sehemu kubwa yake huzuka pale kalipa inapobana diski za magurudumu ya mbele.

Kalipa hukaa kwenye ukingo wa diski, pedi moja kila upande. Mguu ukikandamiza pedali, masta silinda husukuma mafuta ya breki hadi nyuma ya pistoni ya kalipa. Pistoni ya masta silinda ikiwa na kipenyo cha milimita 20 na ya kalipa milimita 40, nguvu huongezeka mara nne.

Magari mengi madogo yana pistoni moja tu, upande wa ndani. Pedi ya nje hubanwaje, basi? Pistoni ikishaigandamiza pedi ya ndani kwenye diski, haina tena pa kwenda. Mafuta yakizidi kusukuma, kalipa yenyewe huteleza kwenye pini zake kuelekea ndani na kuivuta pedi ya nje. Diski hubanwa pande zote kwa nguvu ileile.

Kinachoiachia diski ni mpira.

Sili ya mpira inayoizunguka pistoni huzuia mafuta yasivuje, lakini ina kazi ya pili. Pistoni ikitoka, sili hupinda nayo. Shinikizo likiisha, hujinyoosha na kuirudisha pistoni sehemu ndogo ya milimita. Pedi zikiliwa, pistoni huteleza kidogo ndani ya sili na kuanza kazi mahali papya. Breki hujirekebisha zenyewe.

Mwingereza Frederick Lanchester alisajili hataza ya breki za diski mwaka 1902, ila sifa zake zilivuma mwaka 1953 huko Le Mans, Ufaransa. Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda mbio za saa 24 kwa Jaguar C-Type yenye breki za diski, wakiwashinda Ferrari waliotegemea breki za ngoma. Mwaka 1955 Citroën DS ilizifikisha kwa wanunuzi wa kawaida.

Pini zikikauka grisi, kalipa hukwama: pedi moja huisha kabla ya mwenzake na gurudumu hupata joto kupita kiasi. Mafuta nayo hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishaingia maji, yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155. Yakichemka, mvuke hushindilika na pedali huzama bila gari kusimama. Ndiyo maana anayeshuka mteremko mkali kama wa Kitonga hutumia gia ndogo, na fundi makini hapachiki pedi mpya kabla ya kuchomoa pini, kuzisafisha na kuzipaka grisi inayostahimili joto.