Je, uvujaji mdogo wa valvu ya moyo huleta dalili?

Mtu amekwenda hospitali kwa sababu moyo humwenda mbio nyakati za usiku na pumzi humpungukia apandapo ngazi. Amepimwa, na karatasi ya majibu inaeleza kwamba valvu moja ya moyo wake inavuja kidogo. Daktari anamwambia asiwe na hofu. Lakini mgonjwa huyo anarudi nyumbani akiamini kwamba hatimaye chanzo cha taabu yake kimejulikana.

Je, imani hiyo ni sahihi? Mara nyingi sivyo. Na mji ambao umechangia sana katika kulichunguza swali hili ni Johannesburg, Afrika Kusini.

Mlango usiofunga barabara

Moyo una valvu nne, na kazi yake ni kuiruhusu damu ipite upande mmoja tu, kama mlango unaofunguka kwa nje pekee. Valvu iitwayo mitrali hutenganisha vyumba viwili vya upande wa kushoto. Ikiwa haifungi sawasawa, sehemu ya damu hurudi ilikotoka kila moyo unapopiga.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban mililita 70 za damu kwa pigo moja. Uvujaji wa mitrali huhesabiwa kuwa mdogo pale damu inayorudi haifiki mililita 30, na mara nyingi huwa pungufu sana ya hapo. Uvujaji mkubwa huanzia mililita 60, na ukidumu, chumba cha kushoto hulazimika kutanuka ili kuubeba mzigo huo. Ni mzigo huo unaoleta pumzi fupi, uchovu usioelezeka, kushindwa kulala bila kuinua kichwa kwa mito, na hatimaye kuvimba miguu.

Uvujaji mdogo hauna mzigo wa namna hiyo. Kwa hakika, ukiwapima watu wenye afya njema kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ambayo mahospitalini huitwa eko, utakuta wengi wao wana uvujaji hafifu katika valvu moja au nyingine, nao hawajapata kulalamika hata siku moja.

Sauti iliyodharauliwa

Kwa miaka mingi madaktari walikuwa wakisikia katika vifua vya baadhi ya watu mlio mfupi, ukifuatwa na mvumo mwishoni mwa pigo la moyo. Wengi waliamini kwamba sauti hizo zatoka nje ya moyo na hazina maana yoyote.

Mwaka 1963, Dk. John Barlow wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, pamoja na wenzake, walionyesha vingine. Waliwapiga wagonjwa picha za eksirei baada ya kuingiza moyoni dawa inayoonekana katika picha hizo, wakaona damu ikirudi nyuma kupitia valvu ya mitrali. Hali ya valvu hiyo kubetuka na kuingia katika chumba cha juu ikaja kuitwa, duniani kote, kwa jina la Barlow.

Ugunduzi huo ulikuwa wa kweli, lakini ulizaa tatizo jingine. Katika miaka ya 1970 na 1980, mashine za eko zilipoenea, watu wengi, hasa wanawake vijana, waliambiwa kwamba maumivu ya kifua, mapigo ya kasi, kizunguzungu na hata wasiwasi wao vinatokana na valvu hiyo. Vigezo vya kupimia vilikuwa vimelegea mno, na waliokwenda kupimwa ndio hasa waliokuwa tayari na malalamiko.

Vigezo vilipokazwa, hesabu ikabadilika. Utafiti wa Framingham nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 1999, uliwapima watu wa kawaida wapatao 3,500. Asilimia 2.4 walikutwa na valvu iliyobetuka, na maumivu ya kifua au pumzi fupi havikuwa vingi kwao kuliko kwa wengine.

Basi dalili zatoka wapi?

Dalili za mgonjwa si za kubuni. Ila chanzo chake hutakiwa kutafutwa kwingine: upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, shinikizo la damu, mapafu, au hofu yenyewe. Hata mahali huweza kuchangia. Johannesburg iko mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyezoea hewa ya Mombasa au Dar es Salaam anaweza kuhema mlimani siku zake za kwanza huko bila ya kuwa na ugonjwa wowote.

Hatari ya kulitulia jibu la "valvu inavuja" ni kwamba upungufu wa damu, unaotibika, unaweza kuachwa bila kutafutwa.

Wapo wachache ambao valvu iliyobetuka huambatana na mapigo yasiyo na mpangilio. Anayezimia, au anayehisi moyo ukiruka mara kwa mara, anastahili uchunguzi kamili hata kama uvujaji wake ni mdogo. Kadhalika homa ya siku nyingi isiyo na sababu, kwani vijidudu huweza kuishambulia valvu yenye kasoro.

Soweto na Gulu

Barani Afrika kuna jambo jingine, nalo ni zito zaidi. Uvujaji mdogo wa mtoto waweza kuwa alama ya kwanza ya ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi, ambayo huanzia kwenye maambukizi ya koo. Uchunguzi wa watoto wa shule 12,050 wa Soweto, kando ya Johannesburg, uliochapishwa mwaka 1975, uliwakuta takriban 7 katika kila 1,000 wakiwa na ugonjwa huo.

Kaskazini mwa Uganda, katika eneo la Gulu, watafiti waliwafuatilia watoto 818 ambao eko ilionyesha dalili za mwanzo za ugonjwa huo ilhali wao wenyewe hawakuwa na habari. Nusu yao walidungwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 tu kati ya waliodungwa, na kwa 33 kati ya wasiodungwa.

Kwa hiyo swali la kumwuliza daktari si ukubwa wa uvujaji peke yake, bali pia umbo la valvu: je, ni nyembamba na ya kawaida, au imenenepa na kukakamaa? Kwa mtu mzima ambaye valvu ya mitrali ina kasoro na inavuja kidogo, miongozo ya Marekani hupendekeza eko irudiwe kila baada ya miaka 3 hadi 5, au mapema zaidi hali yake ikibadilika.