Lori Kuukuu Linapokosa Nguvu na Kutetemeka Mlimani



Huenda msomaji akajiuliza: polisi na injini, wapi na wapi? Kazi yetu, watadhani wengi, ni kukagua leseni na kupima mwendo. Lakini atakayesimama jioni ya mvua kwenye barabara ya Kabale kwenda Kisoro, inayoteremkia Kyanika upande wa Rwanda na Bunagana upande wa Kongo, ataona jambo ambalo sisi tunaliona mara kwa mara: lori kuukuu lililojaa mzigo linapanda kwa kugugumia, linatetemeka mwili mzima, kisha linazimika katikati ya kona. Kuanzia hapo tatizo si la dereva peke yake. Ni la bodaboda aliye nyuma yake, la mama anayetembea pembeni na kikapu cha viazi, na la basi linaloteremka upande wa pili.

Nitaeleza kwa kutumia tukio moja nililolishughulikia mwenyewe. Lori lilipakia saruji Tororo likawa linaelekea Kisoro. Lilizimika mlimani, likarudi nyuma hatua kama kumi kabla utingo hajafaulu kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Mwendesha bodaboda aliyekuwa nyuma alijitupa mtaroni pamoja na abiria wake. Abiria alivunjika mguu. Dereva, kijana mtulivu, aliniambia, “Afande, gari hili nimelibadilishia klachi mara mbili mwaka huu. Fedha zote zimeishia huko, na bado linatetemeka.”

Hapo ndipo kosa la wengi lilipo. Gari likitetemeka, mkono wa kwanza huenda kwenye klachi. Kumbe swali la kwanza linapaswa kuwa: linatetemeka wakati gani?

Likitetemeka wakati wa kuondoka tu, unapoachilia klachi taratibu, kisha likatulia likishashika mwendo, hapo kweli shuku klachi: sahani imelika, au imelowa oili, au raba zinazoshikilia injini zimekufa. Likitetemeka kila linapofika mwendo fulani, uwe unakanyaga mafuta au umeyaachia, shuku magurudumu, propela shafti na viungo vyake vya kros. Lala chini ya gari lililozimwa na kuwekewa vizuizi, uishike shafti kwa mikono miwili na kuitikisa. Ikicheza, umekwisha kupata jibu. Likitetemeka unapokanyaga breki, tazama ngoma za breki. Lakini likitetemeka linapobeba mzigo mlimani, mguu ukiwa umezama kwenye mafuta, na nguvu zikawa zinapungua papo hapo, basi injini yenyewe inalalamika. Ama haipati mafuta ya kutosha, ama haipati hewa.

Yupo anayeweza kuthibitisha hilo kwenye barabara tambarare isiyo na magari: gari linapotetemeka, akanyage klachi kidogo. Mtetemo ukikoma, chanzo ni injini au mzigo unaoilemea. Ukiendelea, chanzo kiko mbele ya klachi, kwenye shafti na magurudumu. Jaribio hili lisifanywe mlimani wala mteremkoni kamwe. Nimesema kamwe kwa sababu nimewahi kuandika taarifa ya ajali ya mtu aliyelifanya.

Moshi nao una lugha yake. Moshi mweusi huonyesha kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa: chujio la hewa limeziba vumbi, au bomba la turbo limepasuka na hewa inatokea pembeni kwa mlio wa filimbi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikiwa na joto ni mafuta yasiyoungua, au ni maji ya radieta yanayoingia kwenye silinda. Ukiona na maji ya radieta yanapungua, usiendelee na safari. Lori la kijana yule halikutoa moshi wowote wa ajabu. Lilikuwa linafifia tu, kama taa ya chemli inayoishiwa mafuta taa.

Dereva alidai kwamba ni urefu wa milima. Hoja hiyo haikukosa ukweli. Kwenye mwinuko wa mita 2,000, ambao ndio wa Kabale, hewa huwa nyepesi kwa karibu asilimia 20 kuliko ya pwani, na injini ya zamani isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Anayetoka Mombasa na lori la namna hiyo asishangae akilazimika kushuka gia moja zaidi huku. Ila mwinuko hupunguza nguvu. Hauzimi gari zima. Na kijana huyo alikuwa amepanda barabara ileile miaka kadhaa, kwa lori lilelile, kwa mzigo uleule. Mlima haukuongezeka.

Tulimwita fundi mmoja mzee kutoka Kabale. Hakufungua begi lake la spana. Aliuliza maswali mawili tu. “Mwanangu, likizimika ukilipumzisha huwa linawaka tena?” Dereva akasema ndiyo, baada ya nusu saa huwaka na kwenda vizuri, kisha hurudia ugonjwa wake. “Na kifuniko cha tanki kiko wapi?” Kifuniko cha asili hakikuwepo. Kilikuwa kimeibwa, pamoja na dizeli, usiku ambao dereva alilala ndani ya lori kando ya barabara. Tangu siku hiyo alifunga mdomo wa tanki kwa kifuniko cha kubandika, akakizungushia mfuko wa plastiki na ukanda wa mpira wa tairi, akakaza kwa waya, ili mwizi asipate njia tena.

Mzee akakata waya na kulegeza kifuniko. Tanki likavuta hewa kwa sauti ambayo sote tulioizunguka tuliisikia.

Maelezo yake ni haya. Pampu inavuta dizeli kutoka kwenye tanki. Dizeli inapopungua, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Kifuniko halisi kina tundu dogo la kazi hiyo. Ukiliziba, ndani ya tanki hujengeka ombwe, na pampu inakuwa kama mtoto anayenyonya chupa iliyobanwa: ananyonya, hapati kitu. Kwenye tambarare injini hutumia mafuta machache, kwa hiyo hustahimili. Mlimani inadai mengi, inakosa, silinda zinaungua kwa kupokezana badala ya kwa mpangilio, na huo ndio mtetemo. Tena ombwe hilo huvuta hewa kupitia viungo vya mabomba vilivyolegea, na mapovu yakifika kwenye pampu ya nozeli, injini hugugumia zaidi. Gari likisimama, hewa hupenya polepole, ombwe linaisha, nalo linawaka tena. Ndiyo maana mafundi wawili walilijaribu likiwa limepoa, wakaliona zima, wakauza klachi.

Kwa hiyo, mwenye lori la zamani linalofifia mlimani aanze na kisicho na gharama: alegeze kifuniko cha tanki na kusikiliza. Asiposikia kitu, afungue kizibo cha chini cha chujio la dizeli na kukinga kwenye chupa safi ya kioo. Aiache itulie. Maji yatakaa chini, dizeli juu. Uchafu utaonekana kwa macho. Dizeli ya madumu inayouzwa vichochoroni karibu na mipaka yetu mara nyingi ina maji, vumbi au mafuta taa, na mafuta taa hayalainishi pampu kama dizeli inavyolainisha. Nafuu ya bei ile hulipwa baadaye kwenye duka la vipuri, mbali na kwamba kuivusha kwa magendo ni kosa.

Chujio likiwa safi, fundi anaweza kuipa injini dizeli kutoka kwenye dumu safi lililoinuliwa juu ya pampu. Nguvu zikirudi, ugonjwa uko kati ya tanki na pampu: bomba lililopasuka, chujio la ndani ya tanki, kiungo kinachovuta hewa. Zisiporudi, ndipo aziendee nozeli na pampu yenyewe. Kwenye injini za zamani fundi hulegeza nati za mabomba ya nozeli moja baada ya nyingine. Ile ambayo ikilegezwa sauti ya injini haibadiliki, silinda yake haifanyi kazi. Jambo hili lisijaribiwe kwenye malori mapya yanayoendeshwa kwa kompyuta, kwani shinikizo la mafuta humo hupenya ngozi ya mkono kama sindano. Breki zinazokamata nazo huiba nguvu. Baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa. Lenye joto kupita wenzake lina kesi.

Sasa nirudi kwenye wizi, kwa kuwa huo unatuhusu moja kwa moja. Tunaelewa kwa nini madereva hufunga matanki yao kama magunia. Lakini kuna vifuniko vyenye kufuli ambavyo vina tundu la hewa, na vinapatikana kwenye maduka ya vipuri. Egesheni penye taa na walinzi, na anayeibiwa dizeli aripoti hata kama ni lita chache. Kijana yule hakuripoti, alidhani tungemcheka. Kama angeripoti, huenda mmoja wetu angemuuliza amefunga tanki kwa kitu gani.

Lori likizimika mlimani, usilitie huru. Vuta breki ya mkono, ingiza gia ya kwanza, utingo aweke vizuizi nyuma ya magurudumu, kisha pembetatu mbili za kuakisi mwanga, moja mbele na moja nyuma, angalau hatua 50 kutoka kwenye lori. Matawi ya miti hayaonekani usiku. Likiwa ni lori la mafuta, wananchi kaeni mbali, hata likivuja: Sange, Kivu ya Kusini, mwezi Julai 2010, zaidi ya watu 200 walifariki lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka. Pigeni 999 au 112, mkiwa upande wa Uganda.

Na mawe mnayoweka nyuma ya magurudumu, myaondoe kabla ya kuondoka. Wiki moja baada ya lori la saruji kuondoka, tuliliondoa jiwe lake barabarani sisi wenyewe, baada ya pikipiki kuligonga.