Maandishi Ukutani na Mawingu ya Mvua: Lugha ya Yasiyoepukika katika Taarifa kuhusu Pwani ya Cabo Delgado

Makala haya yanachunguza nahau ya Kiingereza isemayo kuwa maandishi yako ukutani, pamoja na athari za kuitafsiri katika taarifa zihusuzo pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, ambako Kimwani, Kimakwe na Kiswahili hutumika sambamba.

Asili ya nahau hiyo ni sura ya 5 ya Kitabu cha Danieli. Mfalme Belshaza, akiwa karamuni, aliona vidole vikiandika ukutani. Danieli alipoyafasiri maandishi, hukumu ilikuwa imekwisha kupitishwa. Usiku uleule mfalme akauawa. Maandishi yale, basi, hayakuwa onyo la kumwezesha msomaji kujirekebisha, bali tangazo la jambo lililokwisha kuamuliwa. Matumizi ya leo yamepanuka hadi kuhusisha dalili yoyote ya mwisho mbaya, lakini kivuli cha hukumu hakijaondoka.

Methali inayomjia mtafsiri kwa haraka ni “Dalili ya mvua ni mawingu”. Ulinganifu huo ni wa nusu tu. Wingu humwachia mvuvi nafasi ya kurudi pwani, na mkulima nafasi ya kuanua mpunga: mvua haizuiliki, ila kulowa huzuilika. Iliyo karibu zaidi na hukumu ya Belshaza ni “La kuvunda halina ubani”, kwa kuwa hapo hakuna tena la kutenda.

Tofauti hii ina uzito wa kisera. Kimbunga Kenneth kilipotua Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, hakuna aliyeweza kukigeuza njia. Hata hivyo, tahadhari zilizotolewa kabla zilikuwa na maana, kwani waliopo njiani wangeweza kuhamishwa. Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Tarehe 5 Oktoba 2017 vituo vya polisi vilishambuliwa Mocímboa da Praia, na tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma, karibu na mradi wa gesi asilia. Kabla ya shambulio la kwanza, baadhi ya viongozi wa Kiislamu wa mkoa walikuwa wamekwisha kuilalamikia serikali kuhusu kikundi kilichokuwa kikijitenga misikitini. Mwandishi akisema leo kuwa maandishi yalikuwa ukutani, huenda akadhani anawalaumu waliopuuza. Kumbe, kwa mantiki ya nahau yenyewe, amewaondolea lawama: lililokwisha kuamuliwa halina mhusika. Akisema kuwa mawingu yalionekana, swali hufuata papo hapo: nani aliyaona, alimwambia nani, naye aliyeambiwa alifanya nini?

Inapendekezwa kwamba watafsiri na washauri wa sera watenganishe mambo matatu kabla ya kuchagua usemi: tukio lenyewe, madhara yake, na muda uliokuwapo wa kuchukua hatua. Usemi wa kuvunda utumike pale tu ambapo muda huo haukuwapo. Kwingineko kote, methali ya mawingu ndiyo iliyo sahihi zaidi, nayo huwadai wasomaji wake wajibu. Kwa familia zilizokimbia vijiji vyao, kuambiwa kuwa yaliyowapata hayakuepukika ni kufungiwa mlango wa kuuliza.