Fenesi Bichi, Nyama au Mbaazi: Hesabu ya Sufuria ya Jomvu Kuu

Anayetaka kupunguza gharama ya kitoweo Jomvu Kuu, Mombasa, ana njia kadhaa kabla hajafika kwa mwenye bucha. Kuna mbaazi za nazi, ambazo pwani imezila miaka na miaka bila kuziita mbadala wa kitu chochote. Kuna vipande vikavu vya soya vya dukani. Na kuna fenesi bichi, ambalo wengi wetu hulingoja liive tulile tunda, ilhali Wahindi hulikata likiwa changa wakalipika mchuzi mzito na hata biriani. Kule Kerala wamelienzi hadi kulitangaza tunda rasmi la jimbo mwaka 2018.

Kinacholipa fenesi nafasi ya nyama ni nyuzi zake. Likiwa changa halina utamu wala harufu ya tunda, na likichemshwa huchambuka vipande vyenye kutafunika. Ladha yote hutoka kwa viungo. Mpishi hodari atamkirimu mgeni sahani ya biriani la fenesi, na mgeni asiulize nyama iko wapi.

Lakini tumbo nalo lina maswali yake. Bei za sokoni hazitulii, kwa hivyo hizi ni za mfano tu, nawe uweke za kwako. Tuseme nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa ni shilingi 600 kwa kilo, mbaazi kavu shilingi 200 kwa kilo, na fenesi bichi la kilo 4 ni shilingi 200. Ukishaondoa ganda, fenesi hilo litakuachia karibu kilo 2 za kupika. Kwa kilo, basi, ni shilingi 100 kwa 600, na wengi wakifika hapo hufurahi na kufunga daftari.

Wasilifunge. Gramu 100 za nyama mbichi zina kama gramu 20 za protini. Fenesi bichi la uzito huohuo lina kama gramu 2 tu, na mbaazi kavu kama gramu 21. Piga hesabu upya: gramu moja ya protini kwenye nyama ni shilingi 3, kwenye fenesi ni shilingi 5, na kwenye mbaazi ni shilingi 1 hivi. Kwa nyumba yenye watoto wanaokua, fenesi peke yake ndilo ghali kuliko vyote vitatu. Anayewaandalia watoto fenesi na wali kila siku akidhani amewapa badala ya nyama, anawapunja bila kujua.

Ninachopendekeza ni kuvioanisha. Kilo 1 ya fenesi lililomenywa pamoja na nusu kilo ya mbaazi ni shilingi 200 kwa bei zetu za mfano, na protini yake ni kama gramu 125. Nusu kilo ya nyama ingekula shilingi 300 ikupe gramu 100, na sufuria ingekuwa nusu tupu. Kama mbaazi zimewachosha, ndengu zitafaa. Soya kavu, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni protini, ina nguvu kuliko zote, ila kwa mdomo wangu fenesi linaishinda mbali.

Gharama nyingine hazionekani kwenye mizani. Ukipanda matatu Jomvu, ukavuka Makupa na kisha Daraja la Nyali kwenda Kongowea kwa ajili ya fenesi moja, nauli ya kwenda na kurudi imekula akiba yote. Wauza matunda nao aghalabu wana yaliyoiva. Bora umwagize mapema mwenye mti, au muuzaji anayeleta mzigo kutoka Kwale au Kilifi, kisha mgawane na majirani, maana fenesi moja laweza kupita kilo 10. La kupika ni lile la kijani, miiba yake imesongamana, halinukii, na ukilipiga halitoi mlio wa uwazi. Ndani liwe jeupe.

Jikoni, fenesi linaokoa mkaa: vipande vyake huiva kwa dakika 20 hadi 30, wakati nyama ya mfupa yaweza kukaa motoni saa mbili. Mbaazi kavu ziloweke usiku kucha, la sivyo zitakula chote ulichookoa. Adui wa mfuko ni mafuta. Mapishi mengi ya Kihindi huanza kwa kukaanga vipande kwenye mafuta mengi. Mimi huvichemsha kwa chumvi na manjano, nikavikamua, nikavigeuzageuza kwenye vijiko vichache vya mafuta hadi vipate rangi. Halafu ndipo vinaingia kwenye vitunguu, tungule, tangawizi, thomu, bizari na tui. Vitunguu vikipanda bei kama mwaka 2023, kumbuka wafuasi wa dini ya Jain, wenye hekalu lao jeupe Barabara ya Langoni: wao hawali kitunguu wala thomu, badala yake hutumia mvuje kidogo tu kwenye mafuta ya moto.

Paka mafuta mikononi na kwenye kisu kabla ya kukata fenesi, kwa sababu ulimbo wake hautoki kwa maji. Mwenye mzio wa mpira asilishike bila kumwona daktari.

Ndugu zetu walio Ulaya hulipata kwenye mikebe. Wasome uzito wa fenesi lenyewe, kwani karibu nusu ya mkebe huwa maji ya chumvi, na wachague lililoandikwa changa, si lile la sharubati.

Mwenye friji alichemshe fenesi lote siku hiyohiyo, alikamue na kuligandisha kwa mafungu ya mlo mmoja mmoja. Asiye nayo anunue kipande cha kupika leo, kwani fenesi lililokatwa huharibika upesi kwa joto la Mombasa.