Elgon: Mgeni avuka mpaka, mpagazi arudi nyuma

Wafanyabiashara wa Malaba, Lwakhakha na Suam wanaujua Mlima Elgon kwa kuutazama kutoka chini. Ndio ule unaokusanya mawingu kila alasiri, kisha ukawamwagia mvua barabarani lori likiwa limeshapakiwa. Waliowahi kuupanda ni wachache, na wachache zaidi wanajua kwamba huko juu kwenye baridi mpaka wa Kenya na Uganda huvukwa kwa miguu, bila foleni na bila kizuizi.

Mwandishi wa makala haya aliuvuka kwa njia hiyo mwezi Aprili, katikati ya masika, pamoja na wenzake wanne kutoka Nairobi, Kampala na Kigali, kila mmoja na shanta lake mgongoni. Tulianza kupanda Budadiri, upande wa Uganda, na siku ya tano tukatokea lango la Chorlim, upande wa Kenya. Mandhari yanastahili sifa zote yanazopewa. Lakini kwa msomaji anayeishi kwa kuvusha mali, kuna jambo moja huko juu linalomhusu zaidi ya mandhari.

Kwanza mlima wenyewe. Elgon ni volkano iliyozimika, kongwe kuliko Kilimanjaro, na kitako chake kina upana wa kilomita 80 hivi. Kilele kirefu kuliko vyote, Wagagai, kina mita 4,321 na kiko Uganda. Sudek, wenye mita 4,302, umekaa mpakani, na Koitobos, mita 4,222, uko Kenya. Katikati ya vilele hivyo kuna bonde kubwa la mviringo lililobaki baada ya kilele cha kale kuporomoka. Mvua inayonyesha hapo hugawana njia: nyingine huishia Ziwa Victoria, nyingine Kyoga, na ile ya mto Suam huteremka hadi Turkwel na kumalizikia Turkana. Kenya iliufanya upande wake hifadhi ya taifa mwaka 1968, kilomita za mraba 169. Uganda ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa eneo kubwa zaidi, zaidi ya kilomita za mraba 1,100.

Siku ya kwanza ndiyo inayopima mtu. Unaanzia kwenye kahawa na migomba ya Wagisu, unapita kati ya nyumba watoto wakikusalimia, kisha unafika kwenye ukuta wa jabali wa Mudangi ambako njia inageuka kuwa ngazi. Wakati wa kiangazi ngazi hizo ni kazi. Wakati wa masika ni kazi na utelezi. Juu ya jabali ndipo msitu unapoanza, na baada ya msitu, mianzi. Kambi ya mto Sasa iko kwenye kimo cha mita 2,900 hivi, na tulifika mvua ikiwa imeshatulowesha hadi ndani ya mifuko ya kulalia.

Hapa niseme neno kuhusu viatu. Wageni tulivaa viatu vya mlimani vya bei ya kuumiza. Wapagazi wetu walivaa gamboti, zile zile zinazouzwa sokoni pamoja na majembe. Kufikia siku ya pili viatu vyetu vilikuwa vimejaa maji, na gamboti zao zilikuwa kavu. Mwenye dula la jumla Mbale au Kitale anayetafuta cha kuwauzia wapanda mlima wa Aprili asihangaike mbali.

Mianzi nayo ni biashara. Mvua zikianza, machipukizi hutoka ardhini, na Wagisu huyachuma, huyakausha kwa moshi na kuyauza kwa jina la malewa. Hupikwa na karanga zilizosagwa, na ukipita soko la Mbale utayakuta yamefungwa mafungu. Kuchuma ndani ya hifadhi kunaruhusiwa kwa makubaliano kati ya hifadhi na wanavijiji, wala si ruhusa ya kila mtu kila siku. Mchuuzi anayenunua ni vyema ajue fungu lake limetoka wapi.

Siku ya pili mianzi inaisha. Miti inafupika, na badala yake unakuta mimea ya ajabu inayosimama kama watu waliovaa makoti ya majani makavu, mirefu kuliko binadamu. Kambi ya pango la Mude, mita 3,500 hivi, ni ya baridi kali usiku. Siku ya tatu tulipanda Wagagai alfajiri, kwa sababu katika masika asubuhi ndiyo yenye anga na mchana ni wa mawingu. Tulipata kama nusu saa ya kuona pande zote, kisha ukungu ukafunga.

Siku ya nne tuliteremka katika lile bonde la katikati hadi chemchemi za maji moto, karibu na mahali mto Suam unapopenya kutoka mlimani. Hapo ndipo mpaka. Askari wa hifadhi wa Uganda waliotusindikiza walifika mwisho wa kazi yao, na askari wa Kenya wakatupokea. Jambo hilo linaeleweka: askari ana bunduki na ana nchi yake. Lakini wapagazi wetu nao walifika mwisho. Waliweka mizigo chini, wakanawa nyuso kwa maji ya moto, wakala chapati zilizobaki, wakageuka. Wenzao wa upande wa Kenya walikuwa wamengoja tangu asubuhi. Walinyanyua mizigo ile ile, tukaendelea.

Wale waliogeuka wanaujua mlima huu tangu utotoni. Wagisu wa upande mmoja na Wabukusu wa upande wa pili wanasikilizana kwa lugha. Wasabaot wako pande zote mbili. Wabenet, waliokuwa wakichunga kwenye nyasi za juu kabla ya kuondolewa na hifadhi, walitambuliwa na mahakama ya Mbale mwaka 2005 kuwa wakazi wa asili wa eneo hilo. Kati ya wote tuliokuwa pale kwenye chemchemi, wenye uenyeji mkubwa zaidi ndio waliofika mwisho wa njia.

Linganisha na mgeni. Tangu mwaka 2014 mtalii kutoka ng'ambo anaweza kununua viza moja ya utalii, kwa dola 100, ikamfungulia Kenya, Uganda na Rwanda kwa siku 90. Mwaka huo huo raia wa nchi hizo tatu walianza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa bila pasipoti. Kwa hiyo mpagazi wa Budadiri anaweza kuvuka Suam kesho kwenda kumsalimia shangazi yake Endebess. Asichoweza ni kuvuka akiwa kazini. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inataja uhuru wa wafanyakazi, lakini kila nchi iliweka orodha ya kazi ilizokubali kuzifungulia, na orodha hizo zilielekea zaidi kwa wataalamu wenye vyeti. Kubeba shanta la mtu mwingine hakuna cheti.

Anayelipia pengo hilo ni kila mtu. Mpagazi anatembea siku mbili za kurudi bila mzigo, na siku hizo zimo ndani ya bei. Mgeni analipa kikosi cha kumpandisha na kikosi cha kumteremsha, analipa ada za hifadhi mbili, na kabla ya hapo amefuatilia karatasi zake za uhamiaji chini, kwa sababu kule juu hakuna ofisi wala muhuri. Wengi wakipiga hesabu hupanda na kushuka upande ule ule, na fedha zao hubaki upande huo.

Msomaji wa Malaba na Busia anaikumbuka hali hii. Zamani lori lilikaguliwa upande mmoja, likatoka, likakaguliwa tena upande wa pili kana kwamba halijawahi kuonekana. Vituo vya pamoja vya mpakani, kikiwamo cha Busia kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, vilikuja kupunguza hilo. Mizigo ya magurudumu ilipata dawa yake. Mizigo ya mgongoni bado inakaguliwa mara mbili, na mbebaji anabadilishwa.

Si kazi ngumu kuirekebisha. Idadi ya wapagazi na waongozaji wa Elgon inahesabika, hifadhi zote mbili zina orodha zao, na askari wa pande zote wanajuana kwa majina. Kibali kimoja cha kazi ya mlimani, kinachotambuliwa pande mbili na kinachoishia kwenye mipaka ya hifadhi, kisingemnyima mtu yeyote ajira Kitale wala Mbale. Wapagazi wa Kenya nao wangeweza kushuka hadi Budadiri.

Wakati hilo likingojewa, biashara haikomi. Kikosi cha watu kumi kwa siku tano kinakula unga, maharage, mchele, karanga, sukari na majani ya chai, na chakula hicho hununuliwa karibu na mahali pa kuanzia. Mwenye duka Budadiri anajua hivyo. Mwenye duka Endebess anapata kilichopungua. Anayetaka kufikisha mali upande wa pili kwa njia ya Suam, mathalani viazi au mahindi, akumbuke cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotolewa mpakani kwa mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya.

Tahadhari moja kwa wanaofunga bidhaa za safari. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika hifadhi zake, zikiwamo chupa za maji, vikombe na sahani. Karanga zilizofungwa kwenye kavera kule Budadiri zitampa mgeni taabu akishukia Chorlim. Mfuko wa karatasi au kikapu unavuka bila maneno.

Mvua hupungua kuanzia Juni, na hapo wapandaji huongezeka hadi Agosti. Wakati wa masika wapagazi wengi hurudi mashambani, kwa hiyo anayetaka kupanda Aprili apige simu mapema, na gamboti azinunue kabla hajafika Budadiri, kwa sababu nambari kubwa huisha kwanza.