Mustari usiokatika: namna ya kuchora motifu ku mashini

Wengi wetu tunatafuta kazi, na huku mitaani kuna wamama wanaouza unga wa soya, asali na kahawa ya kusaga, wanahitaji etiketi nzuri. Mimi ni mtu wa kilimo, lakini kuchora etiketi kunanisaidia kulipa nyumba. Ninatumia Inkscape, programu ya bure ambayo iko tangu 2003 na inatumika hata bila intaneti.

Leo nieleze jambo moja tu: motifu ya mistari inayojirudia bila kuonyesha mahali vipande vinapokutana. Kiungo kikionekana, sashe zote zinatoka na kovu, na feza ya wale wamama imeisha kulipwa imprimeri.

Siri iko mpakani, haiko katikati. Fikiri shamba la mahindi lenye upana wa metre 3, nafasi ya mistari sentimetre 75. Nafasi 4 zinaingia kamili. Ukiunga shamba lingine kando, mistari inaendelea vile vile. Upana ukiwa metre 2.80, pale mpakani nafasi inabana, na jicho linaona mara moja.

Ku mashini ni hesabu ile ile. Chora karo ya pikseli 120 kwa 120, yenye haina mustari wa pembeni, kwa sababu unene wa mustari huo unaongeza kipimo cha karo. Washa gridi, vitu vijishikize juu yake. Sasa chora mistari ya kulala upande, digri 45, kila pikseli 20. 120 ukigawa kwa 20 unapata 6, iko sawa. Ukiweka kila pikseli 25 unapata 4.8, na mistari itagongana vibaya.

Kanuni ya pili: mustari unaotokea kuume kwenye urefu wa 40 lazima uingie kushoto kwenye 40. Juu na chini vile vile. Kama uko na zigizaga, fanya kopi, isogeze pikseli 120 kamili kwa kuandika namba, usivute kwa mkono.

Kanuni ya tatu: mistari ipite nje ya karo pande zote, kisha uikate kwa karo ile. Njo maana hata zile pembe nne zinajaa vizuri; wengi wanazisahau, halafu wanaona vitundu vidogo. Baadaye ingia menyu ya Objet, geuza kipande kuwa motifu, ujaze nacho karo kubwa.

Ukiona kamustari kembamba sawa unywele, kuza picha na kuipunguza. Kama kanakuja na kupotea, mara nyingi ni skrini tu. Kama kanabaki palepale, rudia hesabu yako. Rangi ya chini iweke peke yake chini ya motifu. Motifu ibebe mistari tu.

Tena tusifikiri hii ni elimu ya kigeni. Wakuba wa Kasai wanafanya jiometri hii ku raffia tangu zamani: wanaume wanafuma, wanawake wanadarizi. Katika 1971 mwanahesabu Donald Crowe aliandika juu ya jiometri ya sanaa yao. Hesabu inasema kuna namna 17 tu za kurudilia motifu juu ya uso tambarare, na Inkscape inakupa zote 17 kwenye kazi yake ya kupanga kloni.

Kwa hiyo, kabla ya kupeleka faili imprimeri, panga vipande 9, tatu kwa tatu, toa karatasi moja, umpe mtu ambaye hajui kitu. Muulize karo inaanzia wapi. Akishindwa kukuonyesha, kazi iko tayari. Mama anaweza kulipa franga zake bila wasiwasi.