Bwana mukubwa na mufua chuma, wote juu ya shaba

Wandugu wasomaji, sisi wa Katanga tunajua shaba ikiwa udongo, ikiwa katode, ikiwa juu ya kamioni inaenda kwenye mupaka. Lakini wangapi wanajua kama shaba inachapa picha?

Kazi ile Wafaransa wanaiita eau-forte, ni kusema maji makali. Muchoraji anapaka bamba ya shaba verni, anachora juu yake na sindano, kisha anaiingiza ndani ya asidi. Fasi sindano imepita, asidi inakula shaba. Fasi verni imebaki, haigusi. Halafu anajaza wino ndani ya mistari, anapanguza juu, anakandamiza karatasi yenye unyevu. Wenzetu wa usine hawatashangaa: asidi na shaba ni mambo yao ya kila siku.

Mwaka 1833, Eugène Delacroix, yule aliyechora «La Liberté guidant le peuple», alitengeneza hivi picha moja: «Un seigneur du temps de François Ier». Mufalme yule alitawala Ufaransa tangu 1515 hadi 1547, miaka karibu mia tatu mbele ya picha. Wasanii wa romantiki walipenda sana mambo ya zamani, wafalme na mabwana wao. Lakini angalia: bwana huyu hana jina. Jina lenye kuandikwa ni la mufalme wake.

Mwaka ule ule, Delacroix alitengeneza bamba ingine: «Un forgeron», mufua chuma. Hapa alitumia akwatinta, kazi ya vumbi ya resini, yenye kuacha giza na mwangaza. Naye hana jina. Ila yeye hahitaji mufalme. Nyundo na mikono yake inatosha kutuambia yeye ni nani.

Mimi ni mutu wa sendika. Picha hizi mbili zinanikumbusha foto kwenye ukuta wa biro fulani. Chini wameandika majina ya wageni wote wenye kuvaa tai, halafu: «na watumishi». Watumishi ni kumi na mmoja. Nawajua wote. Wawili wamekwisha kufa.

Delacroix alimupa mufua chuma bamba yake, shaba sawa na ya bwana. Ni jambo kubwa. Jina tu ndilo lilikosa. Basi, wandugu, tukipiga foto kazini, tuigeuze nyuma na kuandika majina yote siku ile ile. Kesho hatutakumbuka.